Kosa la Kiwandani au Kovu la Mtaani? Mwongozo kwa Mkusanyaji wa Sarafu

Sarafu iliyopinda, iliyotobolewa ili ivaliwe shingoni au iliyosagwa na gurudumu la treni haiongezeki thamani, hata iwe ya mwaka gani. Iliyotoka kiwandani ikiwa imekosewa ni habari nyingine: inaweza kuuzwa kwa mara nyingi ya kiasi kilichoandikwa juu yake. Taabu ni kwamba kwa jicho lisilozoea hizi mbili hufanana, na wengi wanaorusha picha za sarafu kwenye makundi ya WhatsApp hawaijui tofauti, au wanaijua na hawana haraka ya kukwambia. Basi kabla ya kuuliza bei, uliza hivi: jambo hili lilitokea kabla sarafu haijatoka kwenye mashine, au baada?

Ili ulijibu swali hilo, sharti ujue sarafu inavyozaliwa. Kiwanda huanza na bamba refu la madini. Mashine hukata humo vibapa vya duara, kama mama anavyokata biskuti kwa mdomo wa glasi. Kila kibapa huinuliwa kingo kidogo, kisha huwekwa katikati ya mihuri miwili ya chuma kigumu, mmoja juu na mmoja chini, huku pete ya chuma ikikizunguka ili madini yasitanuke ovyo. Pete hiyo ndiyo hutia yale meno ya ubavuni. Pigo moja, na sarafu imekamilika pande zote. Kila kosa la kweli lina mahali pake ndani ya safari hiyo fupi. Kama huwezi kueleza ni hatua gani iliyokosewa, usitoe hela yako.

Chukua mfano wa sarafu iliyomegwa. Bamba lisiposogea vya kutosha, kisu huingia tena mahali palipokwisha kukatwa, na kibapa hutoka kimepungua upande mmoja kwa umbo la mwezi mchanga. Ukiletewa sarafu ya namna hiyo, usianze kutazama pale palipomegwa. Tazama kingo ya upande wa pili, mkabala kabisa na mmego. Ikiwa kosa ni la kiwandani, kingo hiyo aghalabu huwa imefifia, kwa sababu wakati wa kuinua kingo mashine ilikosa kitu cha kukandamiza upande wa pili. Kisha rudi kwenye mmego wenyewe: herufi zilizo karibu nao huwa zimenyooka na kuvutika kidogo kuelekea ukingoni, maana madini yalikimbilia pale palipokuwa wazi. Fundi aliyekata sarafu kwa tupa hawezi kuyaiga hayo mawili. Herufi zake hukatika ghafla, na kingo ya mkabala hubaki nzima na imara. Kati ya dalili zote zilizomo katika mwongozo huu, hii ndiyo ninayoiamini kuliko zote.

Hatua ya muhuri ina sheria yake nyepesi. Muhuri ukipasuka, madini hujipenyeza ndani ya ufa, kwa hiyo kwenye sarafu ufa huonekana kama mstari ulioinuka. Mkwaruzo wa mtaani ni mfereji ulioshuka. Pitisha ncha ya kijiti cha meno taratibu: ikikwama juu ya kitu, huenda una ufa wa muhuri, ikizama, una mkwaruzo. Kipande cha muhuri kikimeguka kabisa ukingoni, sarafu hutoka na uvimbe usio na sura mahali pale. Muhuri ukizibwa na grisi na vumbi, herufi au tarakimu hupotea. Kosa hili la mwisho ni la kawaida mno, na mtu asikuuzie kwa bei ya ajabu kwa sababu tu sifuri moja haionekani.

Maandishi yanayoonekana mara mbili ndiyo huwachanganya wengi. Sarafu mashuhuri ya aina hii ni senti moja ya Marekani ya mwaka 1955, ambayo tarehe na maneno yake yanaonekana mara mbili waziwazi bila hata lenzi. Pale muhuri wenyewe ulitengenezwa umerudufika, hivyo kila sarafu iliyogongwa nao ikatoka hivyo. Katika urudufu wa namna hiyo, herufi ya pili ina umbo kamili na unene wake, na pembe zake mara nyingi zimeachana. Lakini muhuri ukilegea na kutikisika wakati wa pigo, herufi hukwanguliwa upande mmoja na kuacha ngazi bapa inayong'aa. Hiyo haina soko. Wanaoanza hukusanya lundo la sarafu za namna hii na kudhani wamepata hazina.

Pigo lenyewe nalo lina makosa yake: sarafu iliyogongwa kando hata sehemu ya kibapa ikabaki tupu, iliyogongwa mara mbili, iliyogongwa bila pete ikatanuka na kukosa meno ubavuni, na ile ambayo upande mmoja umezunguka. Kuhusu hii ya mwisho, jaribio lake halihitaji chombo. Shika shilingi ya Kenya au ya Tanzania kwa vidole viwili, juu na chini, sura ikiwa imesimama wima, kisha izungushe kama mlango kwenye bawaba. Upande wa pili nao unapaswa kusimama wima. Ukikuta umelala au umepinduka, weka pembeni. Angalizo: sarafu za Marekani hutengenezwa makusudi ili upande wa pili uwe kichwa chini, kwa hiyo usije ukashangilia dola.

Na ipo aina ambayo mihuri miwili isiyo jozi hukutanishwa. Mwaka 2008 kiwanda cha Uingereza kilibadilisha sura ya sarafu ya peni 20, na mwaka ukahamishwa kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Baadhi zikagongwa kwa muhuri wa zamani wa upande wa Malkia na muhuri mpya wa upande wa pili. Matokeo yake ni sarafu isiyo na mwaka kabisa. Hakuna kilichopasuka wala kuziba, mtu alichukua chuma kisicho chake tu.

Yale yasiyo makosa

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo tukae kidogo.

Utaonyeshwa senti 5 au senti 10 ya Afrika Mashariki ya mwaka 1936 yenye jina EDWARDVS VIII, na muuzaji atakwambia kwamba mfalme huyo hakutawazwa, hivyo sarafu ni kosa na ni adimu. Nusu ya maneno yake ni kweli. Edward wa Nane aliachia kiti Desemba 1936 kabla ya kutawazwa, na Uingereza kwenyewe sarafu zake hazikuingia mtaani. Lakini sarafu zetu zenye tundu hazikuwa na sura ya mfalme, zilikuwa na taji na jina tu, kwa hiyo ziligongwa mapema na kwa wingi, zikatumika sokoni kama nyingine. Ni kumbukumbu nzuri. Si kosa, na adimu si adimu.

Vivyo hivyo senti 5 na senti 10 za mwaka 1964 zisizo na jina la mtawala yeyote. Uhuru ulikuwa umeshaingia, Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki ilikuwa bado inafanya kazi, na jina la Malkia likaondolewa kwa makusudi. Kenya nako, sarafu za mwaka 1966 hadi 1968 zina kichwa cha Mzee Kenyatta bila maneno kukizunguka. Maneno yaliongezwa kuanzia 1969. Zote mbili ndizo zilivyopangwa kuwa.

Herufi ndogo unazoziona kwenye sarafu za mkoloni Mwingereza ni alama za viwanda. H ni kiwanda cha Heaton na KN ni King's Norton, vyote vya Birmingham. SA ni Pretoria, na I ni Bombay. Isiyo na herufi kwa kawaida ni ya London. Wakati wa Vita Kuu ya Pili kazi iligawiwa Pretoria na Bombay, na ndiyo maana shilingi za simba za miaka hiyo zina herufi hizo. Kwa mkusanyaji hizi ni muhimu sana, kwani mwaka uleule na thamani ileile vinaweza kuwa rahisi kwa alama moja na vigumu kwa nyingine. Shilingi ya 1943 yenye herufi I, kwa mfano, ni ngumu kuipata. Lakini ukiona H, usifikirie kuwa mtu amekosea.

Anzia Tabora

Kosa kwa kawaida ni la sarafu moja au chache. Tofauti ya muundo ni jambo lingine: muhuri mmoja ulichongwa tofauti kidogo na wenzake, na sarafu zote zilizopita chini yake zikarithi tofauti hiyo. Huku ndiko ninakokushauri uanzie, kwa sababu tofauti za muundo hujifunzwa, huorodheshwa na kutafutwa kwa utaratibu, wakati makosa huja kwa bahati. Na hakuna shule nzuri kama sarafu zilizogongwa Tabora mwaka 1916.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, manowari za Waingereza zilifunga pwani, sarafu mpya hazikuja tena kutoka Ujerumani, na watu wakazificha zile walizokuwa nazo. Serikali ya kikoloni ya Wajerumani ikaanza kutoa noti za dharura mwaka 1915. Mwaka uliofuata, karakana ya reli ya Tabora ikageuzwa kiwanda cha sarafu. Heller 5 na heller 20, chenji ndogo za rupia, ziligongwa kwa shaba nyeupe na shaba nyekundu zilizokusanywa, yakiwemo maganda ya risasi, na dhahabu ya Sekenke ikatoa rupia 15, ile yenye tembo na mlima nyuma yake. Tarehe 19 Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji yakaingia Tabora, na kazi ikaishia hapo.

Mafundi walichonga mihuri kwa mkono, ikapasuka haraka, wakachonga mingine. Hakuna aliyehangaika ifanane. Ndiyo sababu heller 20 ina faida kwako.

Ichukue mkononi uone. Upande mmoja una taji, mwaka 1916 na herufi D.O.A., yaani Afrika Mashariki ya Kijerumani. Upande wa pili una 20 HELLER na T ya Tabora. Anza na taji: kuna kubwa na kuna dogo, na ukishaziona zote mbili pamoja hutazichanganya tena. Kisha geuza, washa taa ya pembeni ikae chini upande wa kushoto, utafute L mbili za HELLER. Tazama ncha za herufi hizo kwa lenzi. Kwenye muhuri mmoja L zote zina ncha kali. Kwenye mwingine ncha zote zimejikunja. Kwenye wa tatu ni L ya pili tu iliyojikunja. Mataji mawili, aina tatu za L, aina mbili za madini: kwa hesabu ya karatasini ni 12, ila baadhi ya michanganyiko hiyo hutaiona sokoni kamwe. Za shaba nyekundu ni chache kuliko za shaba nyeupe. Rangi isikudanganye, maana sarafu ya miaka zaidi ya 100 iliyokaa ardhini hubadilika; tazama ukingo au mahali palipochunika.

Heller 5 ina tofauti moja ya kutazama: kitako cha taji, kilichopinda kama yai na kilicho bapa. Na rupia 15 ya dhahabu, ambayo jumla yake ni sarafu 16,198, inatofautishwa na mahali urembo wa upande wa kulia unapoishia kwenye neno OSTAFRIKA: chini ya T au chini ya A. Wachache wetu tutaishika, lakini inafundisha kwamba tofauti ya mwanya wa herufi moja inatosha kuzigawa sarafu katika makundi mawili ndani ya orodha za dunia.

Jambo lingine ambalo Tabora itakufundisha: kosa hupimwa kwa kiwango cha kiwanda chake. Heller 20 iliyogongwa kando kidogo, yenye ufa, yenye herufi zilizofifia, ndiyo heller 20 ya kawaida. Anayekutoza zaidi kwa sababu hiyo anakuuzia hewa. Kosa lilelile likiwa kwenye sarafu ya shilingi 200 ya mwaka 1998, yenye sura ya Mzee Karume na simba, ni la kushangaza, maana viwanda vya kisasa huchuja makosa kabla hayajatoka.

Kutafuta kwenye chenji

Chenji za mtaani ni bure, na hilo ndilo linalonipendeza. Zungumza na mwenye duka, konda, mama lishe, mtu wa masanduku ya sadaka, na uwape noti wakupe mfuko wa sarafu. Wengi watafurahi kuupunguza mzigo. Tandaza kitambaa, zigawe kwa thamani na mwaka, kisha zipitie kwa mpangilio uleule kila mara: ukingo, kingo, tarehe, sura, halafu zungusha.

Kenya ina uwanja mpana zaidi hapa kwa sababu ya sarafu zake za madini mawili: shilingi 10 ya 1994, shilingi 5 ya 1995, shilingi 20 ya 1998, na baadhi ya zile za wanyama za 2018. Pete na kiini hukutana wakati wa pigo, kwa hiyo kiini kikikaa upande, michoro hupita juu ya maungio bila kukatika. Hicho ndicho kipimo. Kiini kilichong'olewa kwa nyundo na kurudishwa huacha mwanya, michoro haikutani, na mara nyingi kuna alama za koleo ubavuni. Sumaku nayo itakusaidia, kwa kuwa baadhi ya sarafu zilianza kwa madini yasiyovutwa, baadaye zikawa za chuma kilichopakwa. Mbili zinazofanana kwa sura, moja ikanasa na nyingine isinase, zinastahili kutengwa na kupimwa.

Watakaokuibia

Sarafu yenye tundu isiyo na tundu ni kosa la kweli linalojulikana: vibapa hutobolewa kabla ya kugongwa, na kimoja kikipita bila kutobolewa, sarafu hutoka nzima katikati. Ndiyo maana kuna wanaoziba tundu. Iweke chini ya mwanga wa pembeni. Kwenye ya kweli uso wa katikati ni mmoja na ule unaouzunguka, rangi moja, bila mstari. Iliyozibwa ina duara jembamba pande zote mbili, na risasi au shaba iliyojazwa huwa na rangi yake. Ukibaki na shaka, ipeleke kwa sonara mwenye mizani ya gramu za desimali, uilinganishe na nzima ya mwaka huohuo. Ya kweli itazidi kwa uzito wa tundu tu.

Sarafu yenye vichwa pande zote mbili karibu kila mara ni mbili zilizochongwa na kubandikwa. Gonga taratibu usikie mlio wake uliokufa, kisha tafuta mstari kwenye ukingo wa ndani. Kuhusu rupia za Mjerumani, pima: rupia moja ya fedha ina gramu 11.66. Rupia mbili, za miaka ya 1893 na 1894, zimeigwa mno, na sijui mtu aliyeokota moja ya kweli kwenye kibanda cha njiani. Na utakapoanza kusikia habari za rupia zenye nguvu za ajabu, zinazotafutwa na tajiri fulani asiyeonekana, na kwamba kinachohitajika ni wewe kutanguliza hela ya kipimo, nyanyuka uende zako.

Vyombo na utunzaji

Lenzi ya kukuza mara 10 inatosha. Ya mara 40 itakuonyesha maajabu yasiyo na soko. Ongeza mizani ndogo, rula ya vernia, sumaku na taa inayopinda shingo. Kitabu cha orodha unachokihitaji ni kile cha Krause na Mishler, ambacho namba zake, KM, ndizo wafanyabiashara wengi wa sarafu huzitumia. Wajerumani wana orodha yao ya Jaeger, iliyo bora kwa sarafu za koloni lao.

Usisafishe. Si kwa limau, si kwa majivu, si kwa dawa ya kung'arishia shaba. Sarafu ya Tabora iliyosuguliwa ikang'aa imepoteza sehemu kubwa ya bei yake, na hakuna dawa ya kuirudisha. Uchafu uliogandia loweka kwenye maji yaliyochemshwa na kukusanywa mvuke wake, kisha ikaushe kwa kuigusa kwa kitambaa laini bila kusugua. Kwa pwani, adui ni unyevu wenye chumvi: weka sarafu kwenye bahasha ndogo za karatasi, ndani ya kopo linalofunga sawasawa, pamoja na vile vifuko vya chembe za kukausha vinavyokuja na viatu vipya. Epuka mifuko ya plastiki laini yenye harufu, kwani hutoa utomvu wa kijani unaokula shaba.

Juu ya kila bahasha andika thamani, mwaka, alama ya kiwanda, namba ya KM, uzito uliopima, mahali na tarehe uliyoipata, na ulicholipa. Chini yake, kwa maneno yako, andika hatua iliyokosewa: "kibapa kimemegwa saa nne, kingo ya saa kumi imefifia." Ukitaka kuuza nje, kampuni za Marekani kama PCGS na NGC huthibitisha sarafu na kuifunga kwenye kasha lenye maelezo, ila gharama ya kupeleka na kurudisha hailingani na sarafu ya bei ndogo, kwa hiyo subiri hadi uwe na chache zinazostahili, uzitume pamoja. Ukiuza hapa nyumbani, piga picha pande zote mbili na ukingo, kwa mwanga wa dirishani, na picha ya sarafu ikiwa juu ya mizani.